Bujiku Ajifunza Kukaa

Kaka yangu Bujiku aliwahi kumrudishia katekista baiskeli yenye kengele mbili na isiyo na breki hata moja. Katekista aligundua jambo hilo akiwa ameshaanza kuteremka kuelekea mtoni, na safari ikaishia ndani ya shamba la karanga la mtu, kengele zote mbili zikilia. Bujiku alipopewa habari alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akalia kwa kumhurumia katekista. Kisha akapandwa na hasira: kwa nini mtu mzima apande baiskeli bila kuikagua! Halafu akaona mjusi ukutani, akamfuata, na kesi ikafungwa. Chai niliyokuwa nimemmiminia ilikuwa bado ya moto.

Namsema kwa sababu ni wangu. Mwingine akimsema hivyo tutakunjana mashati, na mimi sipigani kwa upole. Naitwa Mageni, mdogo wake wa tumbo moja, na miaka ile nilikuwa nikiuza maandazi pale pale Kahama kwenye baraza alilotengenezea baiskeli. Kwa hiyo ninayoyasema niliyaona, na yale ambayo sikuyaona nimeyachimba mpaka nikayapata.

Hali yake sijui kama ina jina. Nyumbani tuliiita kichwa cha Bujiku, basi. Mjinga hakuwa. Angeweza kukutajia kila mtu aliyepita barabarani tangu asubuhi na alivaa nini. Ila kitu chochote kikipita mbele yake kilimchukua mzima mzima, na furaha au hasira ikimjia ilikuja yote kwa pamoja, bila kubakiza akiba. Barazani kwake palikuwa na baiskeli tisa zilizofunguliwa. Kila moja ilikuwa imeachwa pale ambapo nyingine ilionekana tamu zaidi.

Jambo moja tu hatukumtania nalo. Alipokuwa na miaka kumi baba alimkabidhi ng'ombe kumi na mmoja na fimbo yake ya kuchungia. Siku ya tatu ndege wa asali aliimba mtini, akaruka mti wa pili, akaimba tena, na Bujiku akamfuata. Alirudi jioni na asali mpaka kwenye nyusi, anacheka, bila ng'ombe hata mmoja. Saba walipatikana. Wanne hatukuwaona tena. Baba hakumpiga wala kumfokea, ila kesho yake fimbo akanipa mimi, msichana, mbele ya kijiji kizima. Baba alikufa bila kumrudishia, na mimi nikabaki nayo.

Sasa Limi. Alikuja mjini mwaka wa sabini na mbili kutoka Ushetu, na baiskeli ya baba yake imepata pancha. Bujiku alianza kuziba pancha huku anamsimulia habari ya katekista. Limi alicheka mpaka kitenge kikamdondoka begani. Saa mbili zikapita, pancha haijazibwa, na wote wawili wamesahau kwamba ipo. Niliiziba mimi. Wiki iliyofuata Limi alirudi na pancha nyingine, na nilipoitazama niliona imetobolewa kwa sindano, kwa makini kabisa.

Kwa mzee Maganga, baba yake Limi, walikuwa na desturi yao. Mposaji akiletwa anakalishwa kwenye kigoda katikati ya ua, na wanawake wa upande wa binti wanatoka na nyimbo za kumkejeli. Wanaimba pua yake, wanaimba miguu yake, wanaimba suruali yake na ukoo wake. Yeye hajibu, hacheki, hanuni, hainuki, mpaka shangazi wa binti atamke kwa kinywa chake, "Karibu nyumbani." Walisema anayeshindwa kukaa hapo hataweza kukaa na mke siku mambo yatakapokuwa magumu. Mimi niliposikia hayo nilimwambia baba mdogo Makoye, aliyekuwa msemaji wetu, kwamba tumekwisha.

Na kweli. Tulifika, tukasalimiana, Bujiku akakalishwa. Shangazi Melania akatoka mbele ya wanawake, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, akaanza na masikio. Kaka yangu ana masikio makubwa. Alivumilia beti mbili na huku mabega yanamtikisika kwa kicheko. Hapo jicho lake likaangukia baiskeli ya mzee Maganga iliyoegemezwa ghalani, mnyororo umelegea. Aliinuka. Wanawake walidhani anakimbia, wakapiga vigelegele. Hakukimbia. Aliipindua baiskeli magurudumu juu, akatoa spana mfukoni mwa suruali yake ya posa, akaanza kuifungua.

"Gashi!" Shangazi Melania akashangaa. "Huyu kaja kuoa binti au kuoa baiskeli?"

Ua mzima ulilipuka kwa kicheko. Bujiku akazinduka, akaona watu wote wanamcheka, na hasira ikampanda mara moja. Akarusha spana. Hakumrushia mtu, aliirusha tu, lakini ikatua ndani ya chungu cha togwa, chungu kikapasuka, na togwa ikamwagikia viatu vya mzee Maganga.

Tulirudi Kahama. Mzee Maganga alikuwa ametamka neno moja tu akiwa anapangusa viatu. "Mwakani baada ya kuuza tumbaku mnaweza kumleta tena. Akikaa, ataoa. Asipokaa, yupo bwana shamba Kalisti, naye nimeshamwona akikaa." Kalisti huyo nilikuwa namfahamu. Angeweza kukaa mpaka kuku akamtagia.

Wiki moja baadaye Limi alishuka kwenye lori la tumbaku na gunia mgongoni. Alilitua miguuni kwa Bujiku, likalia kama sufuria. Ilikuwa baiskeli ya baba yake, vipande vipande, vile vile Bujiku alivyoiacha.

"Baba ametembea kwa miguu wiki nzima," akasema.

"Limi, mimi sifai." Bujiku hakuinua macho. "Olewa na yule anayejua kukaa."

"Yule hajui kuchekesha." Limi akajifunga kitenge vizuri. "Mimi nitangoja mpaka tumbaku ya mwakani. Baada ya hapo mambo yatakuwa ya baba, siyo yangu. Wifi Mageni, baki salama." Akapanda lori lake, akaenda.

Kaka yangu hakula siku hiyo. Niliogopa, maana huzuni zake zote nilizozijua hazikuwahi kuvuka saa nane mchana.

Jirani yetu wa baraza alikuwa Bi Mwasiti, fundi cherehani, mtu wa Ujiji kwa asili, mama wa makamo mwenye maneno machache na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa amekaa karibu na Bujiku miaka minne na hakuwahi kusema lolote juu ya kichwa chake. Asubuhi moja alisimamisha cherehani.

"Bujiku, jana mchana walipita watu wa harusi na ngoma. Uliwaona?"

"Sikuwaona, Bi Mwasiti."

"Ukapita mkokoteni umebeba fisi aliyekufa. Mji mzima ulitoka kumwangalia."

"Fisi?" Bujiku akaruka. "Wapi?"

"Kaa. Nakuuliza ulikuwa unafanya nini."

Akafikiri. Alikuwa ananyoosha rimu. Nyie msiojua kazi hii niwaeleze: rimu ikiwa imepinda, fundi analining'iniza gurudumu, analizungusha, anaangalia linapoyumba, kisha anakaza spoki hii na kulegeza ile, kidogo kidogo, anazungusha tena, mpaka lizunguke bila kuyumba. Kazi inayochosha mafundi wote, na ndiyo pekee ambayo Bujiku aliimaliza kila mara.

"Nimekuwa nikikutazama," Bi Mwasiti akasema. "Ukiwa na gurudumu hata pumzi yako inabadilika. Inashuka chini tumboni. Kwa hiyo kukaa unajua. Hujajua tu kukaa bila spana."

Maneno hayo yalimwingia. Alitwaa gurudumu moja la zamani, akalitundika kwenye msumari ukutani, na kuanzia hapo kila alfajiri, kabla hajagusa kazi, akawa anakaa kwenye kigoda mbele yake. Analizungusha mara moja, anaitazama valvu, ile pua ya kujazia upepo, ikipanda na kushuka, anapumua nayo, mpaka gurudumu lisimame lenyewe. Basi. Siku ya kwanza valvu ilizunguka mara tatu, Bujiku akawa yuko barabarani anauliza bei ya jogoo.

"Haiwezekani!" akanifokea mimi, kana kwamba ni mimi niliyekiumba kichwa chake. "Akili inatoka! Nikiikaripia, inatoka zaidi!"

"Wewe ulichunga," nikamwambia. "Ng'ombe akitoka kundini unamfanyaje?"

Ilinitoka tu. Nilitamani kuumeza ulimi. Lakini Bujiku alitulia, akafikiri. "Humfukuzi," akasema polepole. "Ukimfukuza anakimbia. Unamzunguka, unamgeuza, anarudi." Akarudi kwenye kigoda. Tangu siku hiyo nikawa namsikia alfajiri akinong'ona peke yake, "Ametoka. Geuka. Ametoka. Geuka," mara arobaini kwa mzunguko mmoja. Nilikuwa nakanda unga huku nacheka mpaka maandazi yanatoka na maumbo ya ajabu.

Miezi ikapita. Msiniulize kama alipona, maana hakupona. Ila baiskeli tisa zikawa sita, zikawa tatu. Hasira ikimpanda, alikuwa anaacha kila kitu, anakwenda msumarini, anazungusha. Siku moja alizungusha mara saba kwa sababu ya mteja mmoja tu, na mteja akaogopa, akaenda zake na pancha yake. Baiskeli ya mzee Maganga aliimaliza yote, akaipaka mafuta, tukaipeleka kwa lori la tumbaku na kengele moja na breki mbili. Nilizihesabu mwenyewe.

Ilipobaki miezi miwili, Bi Mwasiti akasema gurudumu peke yake halitoshi, mtu huyu ajaribiwe kwa matusi. Jamani! Sijawahi kuona kazi ya kujitolea iliyopendwa kiasi kile. Kila saa kumi jioni Bujiku alikaa kwenye kigoda barazani na watu walipanga foleni kumtukana. Alikuja muuza dagaa, akaja dobi, akaja mama mmoja ambaye hakumfahamu kabisa, alikuwa anapita tu. Katekista alikuja mara nne kwa wiki. Aliimba juu ya breki zake kwa sauti ya kwaya, beti kwa beti, na sisi tukaitikia. Bujiku siku za mwanzo alipasuka kwa kicheko, au aliinuka na kiatu mkononi. Baadaye akawa anatazama mbele, anapumua, midomo inacheza kidogo, lakini amekaa.

Mimi nilikuwa bingwa. Nilimjua tangu tumboni, nilikuwa na akiba. Na nikalewa sifa. Jioni moja watu wakiwa wengi, wote wananishangilia, nikaimba bila kufikiri: mchunga ndege, ng'ombe wa baba wako wapi? Watu wasiojua habari hiyo wakacheka. Bujiku hakucheka wala hakuinuka. Machozi yalianza kumtoka, yakateremka mpaka kidevuni, na yeye amekaa vile vile na mikono juu ya magoti.

Nilikimbia kumpigia magoti. "Kaka, nisamehe. Kaka, inuka, basi imetosha."

"Ngoja," akasema. Tukangoja. Alipumua kama mara kumi. "Imekuja," akasema. "Nimeiona yote, na baba nimemwona. Sasa inapita." Kisha akapangusa uso. "Uliimba vizuri, Mageni. Sauti tu ndiyo mbaya."

Nilijiona mchafu wiki nzima, nawaambieni ukweli.

Siku ikafika. Tulikwenda Ushetu mimi, baba mdogo Makoye na Bujiku, ambaye mifuko yake niliipekua mara mbili nikitafuta spana. Ua ulikuwa umejaa. Bwana shamba Kalisti alikuwepo, amekaa, bila shaka. Bujiku akaongozwa kwenye kigoda, na hapo Shangazi Melania akaonyesha ujanja wake. Alikuwa ametafakari mwaka mzima. Aliileta baiskeli ya mzee Maganga, akaipindua magurudumu juu hatua mbili mbele ya Bujiku, na usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amelegeza spoki za gurudumu la mbele kwa koleo la mumewe ili rimu iyumbe vibaya. Fundi gani angevumilia? Akalizungusha kwa nguvu. Likaanza kwenda huku likipepesuka, shwa, shwa, shwa. Wanawake wakajishika mbavu, wanangoja mkwe aruke.

Nilimtazama kaka yangu. Nikalitazama gurudumu. Nikaziba mdomo kwa khanga kwa mikono yote miwili, maana kicheko kilichonipanda kingeiharibu posa.

Walikuwa wamemletea dawa yake! Bujiku aliitafuta valvu kwa macho, akaipata, na mabega yake yakashuka. Shangazi aliimba masikio, akazungusha. Akaimba magoti, akazungusha. Akaimba togwa na viatu vya mzee, akazungusha. Kadiri alivyozungusha ndivyo mkwe alivyozidi kutulia. Wanawake waliimba nyimbo zote walizokuwa nazo, wakaanza kuziimba upya kutoka mwanzo, wakatunga nyingine palepale ambazo hata vina hazikuwa navyo. Jua likahama. Kalisti, bwana wa kukaa, aliinuka mara mbili kujinyoosha mgongo. Mzee Maganga naye alikuwa ameanza kulitazama gurudumu, mdomo wazi, kichwa kikifuata valvu.

Ndipo Shangazi Melania akaacha kuzungusha. Gurudumu likapunguza mwendo, likayumba mara ya mwisho, likasimama. Akainama mbele ya Bujiku na kuimba polepole, bila ngoma: ng'ombe wanne wa baba yako, mkwe wangu, uliwauza kwa asali?

Nani aliyemwambia? Mimi. Nilimwambia Limi, kwa mapenzi tu, na Limi alimwambia mama yake kwa uchungu, na ikafika. Nilitamani ardhi ipasuke. Limi alikuwa ametoka mlangoni na kikapu mkononi, rangi imemtoka, na mbele ya kaka yangu hapakuwa na kitu kinachozunguka.

Bujiku alifumba macho. Niliona tumbo lake likijaa na kushuka, likijaa na kushuka. Chozi moja likatoka, akaliacha. Midomo yake ilitikisika, na mimi peke yangu pale uani nilijua inasema nini. Geuka. Geuka.

Alipofumbua macho, Shangazi Melania alikuwa bado ameinama mbele yake, na alikuwa analia yeye.

"Mayo, mama wee," akasema, "karibu nyumbani, mwanangu. Karibu nyumbani!"

Vigelegele vilivyopigwa nadhani vilisikika Shinyanga. Limi alidondosha kikapu, viazi vikatawanyika, kuku wakakimbia, baba mdogo Makoye akamkumbatia Kalisti kwa makosa. Katikati ya vurugu hiyo Bujiku akauliza kwa adabu kama anaruhusiwa sasa kuinuka. Akaambiwa inuka, baba. "Basi naomba spana," akasema, "hilo gurudumu linanitesa tangu asubuhi." Aliinyoosha rimu yote kabla hajagusa chakula, na Limi alikaa kando yake, anamshikia baiskeli.

Tulipoaga asubuhi iliyofuata, mzee Maganga alimtoa mtamba mwekundu zizini, akampa Bujiku kamba. Hakuhutubia. "Huyu mpelekee mama yako," akasema. "Umpeleke wewe mwenyewe."

Ni kutwa nzima kwa miguu. Baba mdogo alipanda lori, mimi nikabaki nyuma ya kaka yangu, naye akaifungua ile kamba na kuitia mfukoni. Mtamba alitoka njiani mara nyingi. Kila mara Bujiku alimzunguka, akamgeuza, wakaendelea, na katikati ya hapo alinisimulia posa nzima kana kwamba mimi sikuwepo. Kisha, msituni, ndege wa asali akaimba.

Nilisimama. Aliimba karibu kabisa, juu ya kichwa chetu, akaruka mti wa pili, akaita. Bujiku aliinua uso. Mguu mmoja ulishatoka njiani, niliuona. Alibaki hivyo pumzi mbili, tatu.

"Namsikia," akasema, akitabasamu. "Anaimba vizuri, mshenzi huyu." Akaurudisha mguu, akamgusa mtamba ubavuni, akamgeuza kuelekea nyumbani.

Jua lilikuwa halijazama tulipoingia uani kwa mama. Nilikwenda moja kwa moja ndani, nikaitoa fimbo ya baba juu ya dari, nikampa huku nimegeuza uso, maana nilikuwa nalia na sipendi kuonekana nikilia. Aliishika kwa mikono miwili muda mrefu. Mama alipiga kigelegele kimoja, akakaa chini mlangoni, akawa anamtazama mtamba na kumtazama mwanawe.

Kesho yake Bujiku aliisahau ile fimbo sokoni. Nikaenda kuifuata.